Mama Yake Zena

Jumatatu, 16 Desemba 1996

Cherehani nimeifunika mapema, leo lazima niandike.

Asubuhi nilikuwa barazani, sare za shule zimenijaa mapajani. Januari inakaribia na kila mzazi hapa Ujiji amekumbuka leo kwamba mwanawe amerefuka. Akaja mwanamke. Mkimbizi — unawajua kwa jinsi wanavyosimama pembeni hata pakiwa na nafasi. Hamsini na kitu. Gauni limechanika ubavuni. Akaomba nimtilie uzi, akasema hela hana ila anaweza kunioshea vyombo. Nikamwambia akae, uzi haunifilisi.

Nikiwa katikati ya mshono akaniuliza, polepole tu, kama mtu anayeuliza njia ya sokoni: hapa Ujiji, nyumba ya Abeid wa chumvi ni ipi?

Sindano ikanichoma kidole.

Abeid wa chumvi! Hakuna anayemwita hivyo siku hizi. Huyo ni baba yake Bibi Zena, na Bibi Zena ndiye aliyemzaa mama yangu. Alikuwa akileta chumvi ya Uvinza enzi za Mjerumani. Na nyumba yake ndiyo hii. Baraza ndilo hilo alilolikalia.

Nikamwuliza nani kakutuma. Akasema ni bibi yake, mama wa baba yake, kule Baraka ng'ambo ya ziwa. Alimwambia tangu mdogo: siku mambo yakiharibika, vuka, uliza kwa Abeid wa chumvi. Nimemwacha mtoto pale. Anaitwa Zena.

Bibi Zena wangu! Aliyenilea. Aliyekuwa akinituma ufukweni kila boti za mawese zikifika kutoka Zaire, nikawaulize mabaharia kama kuna mwanamke kule anaulizia Ujiji. "Mama yangu wa ng'ambo," hivyo tu. Jina hakulitaja. Mama huyo aliachwa na Abeid akarudi kwao mwaka ule Wabelgiji walipoingia Kigoma, mtoto akazuiwa, na Abeid akakataza jina lake lisisikike ndani ya nyumba. Mtoto akazoea kunyamaza mpaka uzeeni. Mimi nilidhani ni hadithi ya kunituliza nisiwe mtundu. Akafa mwaka 74, nina miaka kumi na miwili, na sikuuliza tena.

Mwanamke wangu anaitwa Kuruthumu. Nimempa chumba cha nyuma. Musa akarudi kutoka bandarini, akakuta mgeni, akanitazama. Nikasema ni ndugu. Akasema haya, ndugu amekula? Ndiyo maana nilikubali kuolewa na huyu mtu.

Jumanne, 17 Desemba

Kabla ya chai nimeshafika kwa Mjomba Khalfani. Mtoto wa kiume pekee wa Bibi Zena, mkubwa wa ukoo, mstaafu wa reli, na bado anatembea kama anakagua mabehewa. Yeye ndiye anayesoma majina ya marehemu wetu kwenye hitima ya Shaabani. Kila mmoja humtaja kwa mama yake, kama anavyoitwa kaburini. "Zena binti Hawa." Nimelisikia kila mwaka. Kwa hiyo yule mama wa ng'ambo ni Hawa, hilo hata watoto wanalijua.

Akaja. Akakaa. Akamhoji Kuruthumu kama abiria asiye na tiketi. Bibi yako aliitwa nani?

— Sikudhani.

— Sikudhani nani?

— Sikudhani tu. Tulimuita Bibi Siku.

Mjomba akavua miwani, akaifuta, akairudisha. Wetu ni Hawa, akasema. Akasimama. Yamekwisha.

Nje akaniambia nisiwe mjinga. Kila anayevuka ziwa hili sasa hivi ana ndugu Ujiji. Jina la Abeid wa chumvi mabaharia wanalijua tangu zamani. Nimlishe, nimsitiri, ni thawabu, halafu aende kambini na wenzake. Nimerudi nimenuna mpaka nikashona mfuko wa shati nje ndani.

Jioni tukimenya mihogo Kuruthumu akanieleza la mwanawe. Hamdani, kijana mkubwa, ana miaka ishirini na kitu. Siku risasi zilipofika Baraka watu wakajaa kwenye boti, yeye akasukumwa ndani, Hamdani akabaki majini anasukuma boti litoke. Akampigia kelele: Ujiji, kwa Abeid wa chumvi! Kijana akanyanyua mkono. "Sijui alisikia ao alikuwa ananiaga," akasema. Akaendelea kumenya.

Akienda kambini, Hamdani akija hapa atamkuta nani? Na atakuja kwa jina gani tofauti na hilo?

Alhamisi, 19 Desemba

Mjumbe kapita. Wageni wote waliomo majumbani malori yatawapeleka kambini Jumamosi ya tarehe 4 Januari. Mwenye kukaa na ndugu yake wa damu, sawa, lakini mkubwa wa ukoo aende mwenyewe ofisi ya kata amtambue, mwisho Ijumaa tarehe 3. Nikauliza mimi je? Mjumbe akacheka, akasema wewe Nasma ni mkubwa wa cherehani.

Basi ninamtafuta Hawa. Huenda alikuwa na majina mawili, moja la kwao na moja la chuoni, la dini. Wengi walikuwa hivyo. Nimepanda baiskeli ya kukodi mpaka Gungu kwa binamu yangu Hawa, binti wa Mjomba. Alizaliwa mwaka uliofuata msiba wa Bibi, akapewa jina la mama wa ng'ambo, na tangu hapo amedekezwa kwa ajili hiyo. Harusini anakaa mbele. Nyama ikigawiwa, kipande kizuri ni cha "Bi mkubwa Hawa". Nikamwuliza anajua nini juu ya somo yake, yule wa ng'ambo mwenye jina. Akaangua kicheko: mwenzangu, mimi nimepewa jina, historia sikupewa.

Nimerudi na matope mpaka kiunoni. Lakini moyo haujatulia, na sitaki utulie.

Jumapili, 22 Desemba

Leo nimefanya la aibu. Nimemshika Kuruthumu jikoni nikamwuliza, una hakika Bibi Siku hakuwa na jina jingine? Hawa, labda? Fikiri vizuri. Nilikuwa karibu kumwomba aseme ndiyo.

Akanitazama kwa huruma, kama vile mimi ndiye mkimbizi. Akasema: "Mi siwezi kubadilisha bibi yangu jina juu ya kupata chumba."

Halafu akanieleza kitu. Kwao Baraka nao walisoma hitima, lakini Bibi Siku mpaka anakufa alikataza Zena kusomwa na marehemu. Alisema mtoto wangu hajafa, mimi sijapewa habari. Kwa hiyo kila mwaka Zena aliombewa upande wa walio safarini. Hata baada ya Bibi Siku kufa waliendelea hivyo. Kuruthumu amejua juzi tu, kwangu mimi, kwamba Zena naye keshatangulia.

Nimelia ndani ya sufuria.

Jumanne, 24 Desemba

Ngoja nikae. Ngoja niandike kwa mpango.

Jana usiku amefariki mkimbizi mmoja, mwanamke, kwenye nyumba ya tatu kutoka hapa. Alifika na homa, peke yake. Wanawake tumemwosha asubuhi. Jina lake tulilijua, Zaituni. Basi. Wanaume wamemchukua makaburini. Sisi tukabaki na ndoo na sahani, kama siku zote.

Musa akarudi adhuhuri, kanzu ina udongo. Nikampa maji. Akasema yule maskini hata mama yake hakujulikana, shehe kauliza mara mbili watu wako kimya, kwa hiyo talakini, yale mawaidha ya maiti kaburini, amesomewa kwa mama yetu sote — Zaituni binti Hawa.

Nikasema: binti nani?

Akasema Hawa. Mke wa Adamu. Ndivyo inavyosomwa kaburini mama asipojulikana, hukujua?

Sikujua! Ningejuaje? Mwanamke gani wa Ujiji amewahi kusimama kaburini akasikia talakini? Tunamjua maiti mpaka kidole cha mwisho cha mguu, halafu wanaondoka naye wao, na kule kwao anaulizwa mama yake ni nani!

Nimeketi chini kabisa, sakafuni. Musa akadhani ninaumwa. Nikamwambia: Zena binti Hawa. Akaweka maji chini. Akasema ehee. Naye akakaa sakafuni.

Bibi Zena hakuwa na mama aitwaye Hawa. Bibi Zena alizikwa na majirani wasiojua. Hakuna aliyegeuza kichwa kuuliza nyumbani.

Nimemwambia Kuruthumu. Akanishika mikono yote miwili, ina unga, tukawa tunacheka kama wendawazimu na chakula kinaungua.

Jumatano, 25 Desemba

Kengele za Krismasi zinatoka mjini, mimi natoka kwa Mjomba na kichwa kinavuma.

Nimemweleza. Taratibu, kwa adabu, shikamoo ya kutosha. Kwanza hakuelewa. Bibi alipofariki yeye alikuwa Tabora kazini, akafika kwa treni siku ya tatu, kaburi limeshakauka. Akamwuliza mmoja wa waliozika, mama alisomewa vipi, akaambiwa binti Hawa. Akachukua hivyo hivyo. Alikuwa na uchungu, akashika alichopewa. Mwaka uliofuata akapata binti.

Alipoelewa akasimama. Kwa hiyo miaka yote hii nimekuwa nikimtaja mama yangu kama maiti wa kuokotwa? Mimi, mwanawe? Na Hawa wangu nimempa jina la nani?

La mama yetu sote, nikasema. Kumbe ndilo lililommaliza.

Akasema hata kama, hiyo haina maana kwamba alikuwa Sikudhani. Asiyejulikana ni asiyejulikana. Niache.

Kweli, hapo amenishika. Ila hajanishinda. Bado! Mama yangu hayupo duniani, lakini Mama mdogo Hasna yupo Kagunga. Mtoto wa mwisho wa Bibi. Alikuwepo siku ile, aliosha maiti.

Jumamosi, 28 Desemba — Kagunga

Boti kutoka Kibirizi, magunia ya unga, mbuzi mmoja mwenye kiburi, na mimi. Ziwa lilikuwa na hasira, nimetapika kiamsha kinywa chote, lakini nimefika.

Mama mdogo anaanika dagaa mchangani. Nyumba yake imejaa Warundi, mpaka jikoni wanalala watu. Akanikumbatia na mikono ya samaki. Nikaanza kumwuliza nikiwa nimeuma ulimi, maana nilijiapiza: jina nisilitaje mimi, litoke kwake au lisitoke.

Siku ya msiba wa Bibi, kuna aliyekuja kuuliza mama yake aliitwa nani?

Nani aulize, akasema. Wanaume walikwenda, sisi tukabaki na maji.

Wewe ulikuwa unajua?

Akageuza dagaa. Kwa nini nisijue, akasema. Si ndilo jina la dada yetu wa kwanza? Yule wa kabla ya Khalfani, hakufika siku arobaini. Mama alimpa jina la mama yake kwa kuibia, Mzee Abeid hakuwa na habari. Yule mtoto akafa, likabaki letu sisi mabinti. Alitutajia tukimsuka.

Nikasema lakini Mjomba hamsomi huyo dada. Akaniambia mtoto mchanga anasomewa nini, ana dhambi gani? Malaika huyo. Ndiyo maana hamjawahi kumsikia. Na hitima yenu mimi naisikia kwa watu tangu niolewe huku.

Jina, Mama mdogo. Jina!

— Sikudhani, akasema, na kuendelea na dagaa wake.

Nimepiga kelele mpaka wavuvi wakasimama. Mama mdogo akaniuliza kama nimeumwa na nyoka. Nimemweleza huku nikirukaruka, mtu mzima, mama wa watoto. Akakaa juu ya ndoo. Ana watoto ng'ambo, huyo Sikudhani? akauliza. Alikuwa na watoto? Akajifuta macho kwa kiwiko.

Hawezi kuja Ujiji, nyumba imejaa na dagaa hawasubiri. Akasema Khalfani asipoamini, aje aniulize mwenyewe. Hajawahi kuniuliza kitu tangu tuzaliwe.

Jumatatu, 30 Desemba

Mjomba kanisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kitu kimoja tu: ulimtajia jina wewe kwanza? Nikaapa. Akasema wewe ukitaka kitu unaapa hata kwa kijiko.

Akavua miwani. Halafu: "Nilikuwa na dada mkubwa kumbe." Alikuwa haongei na mimi.

Nikangoja aseme twende ofisi ya kata. Akanisindikiza mlangoni, akanishukuru kwa kuja, akafunga. Mjomba akikushukuru ujue hujapata kitu.

Jumatano, 1 Januari 1997

Kuruthumu amekunja nguo zake, zote zinaingia kwenye kitenge kimoja. Amenisaidia kumaliza sare, mikono yake ni mizuri kuliko yangu kwenye kola. Kila mtu akipita barazani yeye anainua kichwa, akiona si Hamdani anarudi kwenye uzi.

Kesho hitima, hapa kwetu kama kawaida. Nina hasira na sina wa kumpelekea.

Alhamisi, 2 Januari

Miguu inawaka moto, nimesimama jikoni tangu alfajiri, lakini hili haliwezi kusubiri.

Wanaume barazani, sisi ndani, pazia katikati. Nimemkalisha Kuruthumu karibu na pazia, kando yangu. Binamu Hawa kafika kutoka Gungu, keshasikia yote, akanong'ona: kwa hiyo kile kipande kizuri cha nyama nimekuwa nikila cha nani? Nikamfinya.

Wakasoma. Wakamaliza. Mjomba akaanza majina. Anasoma kwa sauti ile ya kutangaza treni. Abeid bin fulani, fulani bin fulani, kila mmoja kwa mama yake. Mimi nikahesabu pumzi. Akafika: "Zena binti —"

Akasimama.

Tukasikia anakohoa. Tukasikia kiti. Halafu sauti ikageukia kwetu, karibu kabisa na pazia: "Enyi akina mama huko ndani. Mama yake Zena aliitwa nani?"

Haijawahi kutokea. Hakuna mwanamume aliyewahi kutuuliza kitu katikati ya hitima isipokuwa uji uko tayari. Wanawake wote wakanigeukia. Mimi nikamgeukia Kuruthumu. Akatikisa kichwa, akagusa kifua chake: mimi mgeni. Nikanyamaza. Namna nilivyotaka kulitaja jina lile, Mungu ndiye anayejua! Lakini si langu, ni lake yeye kulileta, amevuka nalo.

Mjomba akauliza tena.

— Sikudhani, akasema Kuruthumu. Sauti ya kuku. Halafu akaikaza: Sikudhani!

"Zena binti Sikudhani," akasoma Mjomba.

Kuruthumu akafunika uso kwa mtandio. Miaka yote kwao Zena alikuwa msafiri, leo amesikia anasomwa na waliofika. Nikamweka begani.

Nikadhani imekwisha. Kumbe Mjomba bado yuko pale pale. Na huyo Sikudhani, akauliza, mama yake ni nani, tumsome naye?

Kuruthumu akasema hajui. Bibi hakuwahi kusema.

"Basi," akasema Mjomba, na sauti ilikuwa imelainika, "Sikudhani binti Hawa."

Binamu Hawa akanishika mkono. Anacheka na machozi yanamtoka. Akasema, nilijua hamwezi kunifukuza.

Wakala, wakashukuru. Mjomba akavaa kofia akaondoka. La ofisi ya kata hakuligusa. Nilimfuata mpaka barabarani, hakugeuka.

Ijumaa, 3 Januari

Mapema sana, hodi. Mjomba. Kanzu ya Idi, mwavuli, viatu vimepigwa rangi. Hakungoja hata shikamoo yangu.

— Dada yangu ameamka?

Nikasahau kujibu. Mpaka jana alikuwa "huyo mgeni wako".

Kuruthumu akatoka na lile gauni nililomtilia uzi. Akamsalimia. Mjomba akamwambia tufanye haraka, foleni itakuwa ndefu. Kuruthumu akanigeukia: Hamdani akifika, asikae nje. Nikamwambia atakaa kitandani kwangu, Musa atalala na mbuzi. Akacheka. Wakaondoka wamefunikwa na mwavuli mmoja, Mjomba anamweleza kwa mkono lilikokuwa ghala la chumvi.

Saa sita Musa kapita kule. Watu wamejaa mpaka barabarani. Karani anasema wenye vyeti kwanza, wa maneno matupu wangoje. Mjomba anazozana naye. Anamwambia yeye ni mjukuu wa Sikudhani, na huyu naye ni mjukuu wa Sikudhani, sasa anataka cheti gani kingine. Musa anasema amelitaja mpaka foleni nzima imelijua.

Saa tisa sasa. Hawajarudi. Mvua imekatika. Kutwa nzima nimeshona mkono mmoja, na nimeushona kinyume.

Mtoto wa jirani kasema kuna boti limefika kutoka ng'ambo, watu wanashuka.

Nina miaka thelathini na minne na moyo unadunda kama nimetumwa na Bibi. Nimefunika chakula cha wawili. Nimefikiri, nikaongeza cha wa tatu. Naenda ufukweni kuuliza.